Majina wa Binti Yangu

Jina lake sitalitaja, na si kwa heshima. Heshima ilikwisha. Silitaji kwa sababu nikilitamka kwa sauti, binti yangu atageuka kule uani anakooshea masahani na kuitika, "Mama?" Wanalibeba wote wawili, na mimi ndiye niliyemtwika mtoto. Hapa Lubumbashi ukimpa mtoto jina la mtu, hao wawili wanakuwa majina. Wanaitana hivyo njiani, mzee mwenye mvi na kitoto cha kunyonya: "Majina!" Na hili jina letu halichagui mwanamume wala mwanamke. Basi mniambie, nikitaka kumlaani yule mzee, nitakuwa namlaani nani?

Nitamwita walivyomwita watu wote wa Kasapa, kwenye kampasi ya chuo kikuu: Asistanti.

Asistanti ni cheo, kwa asiyejua. Kijana akimaliza masomo vizuri, kampasi inambakiza awasaidie maprofesa kufundisha, huku akiandika tasnifu yake ya udaktari, kisha apande. Huyu wangu hakupanda. Aliowafundisha walipanda, wakawa madokta, wakarudi na magari, wakampigia honi barabarani: "Asistanti!" Naye akiinua mkono, kwapa la koti limepasuka, anacheka. Kichwa kilijaa mvi akiwa bado Asistanti. Wanafunzi wapya walidhani ndilo jina lake la ubatizo.

Koti lilikuwa la kahawia, moja tu, la masika na la kiangazi. Hata joto la Oktoba, wakati watu wanatembea wakijipepea na madaftari, yeye alifunga vifungo vyote. Mfukoni kalamu ambayo haikuandika tangu nimjue. Na hakula mbele ya watu. Saa sita nikimpelekea bukari na sombe, ugali wetu na kisamvu, aligeuza kiti akatazama ukuta, akala haraka haraka, akajifuta, akageuka tena kana kwamba hakuna kilichotokea. Siku moja nilimuuliza sababu.

"Muntu akikula anakuwa mujinga kidogo," alinijibu. "Sipende banione ile saa."

Nilicheka sana siku ile. Nilimpenda, lazima niseme, la sivyo hamtaelewa lolote. Nilimpenda kama mtu anavyompenda baba aliyejichagulia mwenyewe.

Alikuwa na sekretaria, karibu na njia ya kuingia kampasi: chumba cha mbele chenye kompyuta chache, mashine ya kuchapa na mashine ya fotokopi inayokohoa, ambapo wanafunzi wanaleta kazi zao zilizoandikwa kwa mkono ili tuzipige na kuzitoa safi. Nyuma kulikuwa na chumba kidogo cha mashine zilizokufa. Mimi nilikuwa mpigaji wake. Vidole vyangu vilikuwa vya haraka, na hicho ndicho nilichojua, kupiga tu.

Yeye hakuvumilia kazi ya kupiga tu. "Kama umefanya kintu mara mbili na mukono," alisema, "mara ya tatu iko ya mashine. Mashine haina tumbo, haiendake ku matanga. Ipatie kazi!" Basi aliandika vijiprogramu, mistari michache michache, kila kimoja kwa shida yake, na akavipa majina ya jikoni. Mwiko ulikoroga sura za tasnifu zilizofika kwenye flashi tofauti, ukazitoa kitu kimoja. Ungo ulipepeta picha na kutupa zilizojirudia. Kifuniko kilikuwa kinasubiri umeme ukatike: kisanduku cha betri kikianza kulia pii, pii, Kifuniko kinahifadhi kazi zote na kuzifunga kabla mashine hazijazimika. Wanafunzi wangapi walitaka kukibusu kile Kifuniko! Na Jumamosi tulipiga Mufagio, unazunguka mashine zote ukifuta takataka wateja walizotuachia.

Alinifundisha kuviandika. Alikaa kando yangu, mikono mfukoni, kwa makusudi.

"Asistanti, gusa basi unioneshe."

"Nikigusa, utajua kama mi najua. Haikusaidie kintu. Soma kile mashine inakuambia."

"Inaniambia niko mujinga."

"Inasema mustari ya saba. Angaria mustari ya saba."

Kijiprogramu changu cha kwanza kilipanga maelezo ya chini ya kurasa, kazi iliyokuwa inaniumiza macho kila mwezi wa kutetea tasnifu. Kilipokubali kutembea, Asistanti aliinuka akatoka nje. Nikajua amekasirika. Alirudi na beignet moja ya moto, andazi la barabarani, akaiweka juu ya kibodi, na mafuta yake yote, yeye ambaye ukileta kikombe cha maji karibu na mashine anapiga kelele mpaka barabarani wanasikia.

Ndivyo alivyokuwa. Karatasi iliyoharibika hakuitupa, aliikata vipande tuandikie nyuma. Lakini akija mwanafunzi aliyefiwa na baba, kazi haijachapwa na kesho ni mwisho, Asistanti alimchapia yote, huku akimtukana tangu ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho, ili kijana asipate nafasi ya kushukuru. Muoga wa shukrani. Sijaona mwingine.

Sasa niseme ya mtoto.

Baba yake alienda Mokambo kufuata unga wa mahindi unaotoka Zambia, akaniambia ni juma moja tu, tena akanipigia simu ya mpakani kuniambia gari limeharibika. Mpaka leo hilo gari linatengenezwa. Mimi nikazaa. Mama yangu alikuwa na maumivu yake ya miguu, dada zangu kila mmoja na mzigo wake. Damu ya uzazi haijakauka vizuri nikarudi kazini na mtoto mgongoni. Nilisimama mlangoni nikisubiri kufukuzwa. Asistanti alinitazama, akaingia chumba cha nyuma, tukasikia mashine zilizokufa zinasukumwa. Akatoka na vumbi hadi kwenye nyusi.

"Mulete," alisema. "Kule hakuna mupepo."

Jina nilimpa siku ile ile. Mama yangu alikasirika. "Unamupatia mutoto jina ya patron wa kazi? Ukoo imeisha?" Nikamwambia, "Mama, huyu eko baba kuliko baba yake." Na niliposema hivyo nilikuwa na haki. Mtoto akililia usingizi na mimi nina mteja, Asistanti alichukua kikwembe, kitenge changu cha kubebea, akambeba mgongoni, juu ya koti lake la kahawia, akaendelea kumsahihishia mwanafunzi hesabu zake. Wanaume wa kwetu hawabebi hivyo. Wanafunzi walijaa mlangoni kuona maajabu.

"Asistanti amezaa!"

"Na ninyi?" aliwajibu bila kugeuka. "Muliletwa na photocopieuse?"

Kisha akaniandikia Yaya. Niliifurahia kuliko vyote. Mashine moja nzee aliiweka chumba cha nyuma, karibu na godoro, sikio lake likielekea kwa mtoto. Mtoto akinung'unika, kingo za skrini yangu huku mbele zinageuka njano. Akilia kweli, zinageuka nyekundu. Niliweza kupiga kazi bila kuruka kila dakika kwenda kuchungulia. Hata wateja walizoea, niko katikati ya orodha ya vitabu vyao wananiambia, "Mama, écran iko njano, kimbia, tutangoja."

Mimi si mpumbavu. Nilimuuliza. Nakumbuka nilikuwa nimesimama, mtoto yuko kwenye ziwa, na yeye anafunga nyaya.

"Asistanti, hii Yaya inachunga sauti, inaziweka?"

"Inasikia tu, Mama. Haichunge kintu."

"Kweli?"

"Mi nitakudanganya juu ya nini?"

Hapo. Maneno yenyewe hayo, sijaongeza chumvi.

Chumba kile cha nyuma kilikuwa nyumba yangu ya kweli. Nyumbani kulikuwa na mama yangu, majirani, kuta nyembamba. Pale nilikuwa na mwanangu tu, na mtoto wa majuma machache ndiye mtu pekee duniani unayeweza kumwambia yote: anasikiliza, anakukazia macho, na kesho hatakusimanga. Nilimwambia. Nililia pale, niliimba pale, nilimsema baba yake pale kwa maneno ambayo padri hawezi kuyasikia. Kila mama anajua ninachosema. Na mtoto alikua. Alitambaa kati ya nyaya, na neno lake la kwanza halikuwa mama wala baba: betri zilipoanza kulia, aliinua kidole akasema, "Pii. Pii." Asistanti alicheka mpaka akakaa chini sakafuni na koti lake. Nilidhani anacheka kama babu. Sasa kila nikikumbuka najiuliza alikuwa anafurahia nini.

Mtaniuliza, ulikaa miaka yote na hukuona kitu? Niliona! Niliona kila Jumamosi. Kwa kuwa alinifundisha kusoma mistari, nilisoma ya Mufagio, na kati yake ulikuwemo mmoja unaosema: fagia kote, isipokuwa hapa. Na hapo pasipofagiwa palikuwa folda yenye jina la binti yangu, lile jina lao wawili. Nikajua ni zawadi. Kwetu majina anamwekea majina wake kitu. Mwingine anafuga kuku, mwingine ananunua kikwembe na kukilaza sandukuni, na siku mtoto akikua anakabidhiwa. Na mama wa mtoto haulizi, hafunui. Kufunua ni uroho, ni kuvuta zawadi kutoka mkononi mwa mtu. Shangazi yangu alikaa na sanduku la majina ndani ya nyumba yake tangu mtoto wake anajifunza kutembea hadi anaolewa, hakugusa kufuli. Basi mimi nani? Niliona folda inanenepa kila juma, nikafikiri, mzee anamkusanyia mtoto picha. Nikafurahi. Nikapita pembeni kama mtu anayepita chumba cha wakwe.

Angeiita jina lingine lolote, ningeifungua siku ya kwanza.

Binti yangu alipokuwa anamaliza darasa la tano la shule ya msingi, Asistanti alirudia tasnifu yake. Ghafla. Alikuwa anaandika na skrini imegeukia ukuta, kama bukari yake. Habari yenyewe nilijua: jinsi ya kufundisha mashine itambue sauti za mama na mtoto mchanga, kilio cha njaa, kilio cha homa, kubembeleza. Nilimpangia majedwali, nilimnyooshea marejeo, Mwiko ukakoroga sura zote. Sura ya mifano tu ndiyo alinikatalia, alisema ataifanya mwenyewe. Nikadhani ni majivuno ya mzee aliyechelewa, na nikamwachia.

"Hizi sauti zilitoka wapi?" nilimuuliza mara moja.

"Kwa ba mama ba ku maternité, ku hospitali. Bote balikubali."

Siku ya kutetea ilikuwa sikukuu ya mtaa. Mimi na binti yangu tulishona kikwembe cha aina moja. Mama yangu alikuja na miguu yake mibovu, kaka yangu mkubwa alikuja na tai, majirani walikuja na vigelegele vimeshikwa kooni. Kwetu mtu akifaulu tunammwagia poda kichwani awe mweupe kabisa, arudi nyumbani kila mtu njiani ajue. Na nani wa kumwaga wa kwanza kama si majina wake? Binti yangu alikaa mstari wa mbele, kopo jipya la poda mapajani, mikono miwili juu yake.

Alizungumza vizuri, yule mzee. Alivaa joho lao la kuazima, bila koti nikamwona mwembamba. Maprofesa, baadhi yao wanafunzi wake wa zamani, walitikisa vichwa. Kisha akasema, "Sasa mfano. Sujet A. Mama eko peke yake, mutoto wa juma chache." Akabonyeza.

Ikatoka sauti yangu.

Ikatoka kwenye spika za ukumbi, kubwa kuliko mimi, pamoja na makamasi yangu. "Baba yako eko na muke mwingine ku Mokambo," sauti inalia, "na mi niko hapa maziwa inavuja kama ng'ombe. Kama ningejua, singekuzaa. Unasikia? Singekuzaa."

Akakata. Akaonesha mchoro wa mawimbi kwenye ukuta, akaanza kueleza kwa kijiti wapi sauti ya mama inapanda na wapi mtoto anajibu.

Kaka yangu aliangalia viatu vyake. Mama yangu alijiziba mdomo na kikwembe. Mnaojua watu wa mtaa mnajua jinsi shingo zinavyogeuka, polepole, moja baada ya nyingine. Binti yangu akaniegemea.

"Mama," alininong'oneza, "ni we?"

"Ni mi."

"Na mutoto, ni mi?"

Nilimshika mkono tukatoka. Nyuma yetu tulisikia makofi, tukasikia wanatangaza amefaulu kwa heshima kubwa, tukasikia vigelegele vya watu ambao hawakuwa wetu. Tulipokuwa tunaingia teksi alitoka mlangoni, mweupe pe! kichwa na mabega, anatafuta kwa macho. Akatuona. Akatupungia mkono, anacheka, ananyoosha kichwa kuelekea majina wake ili naye amwage. Ananyoosha kichwa! Dereva akaondoa gari.

Kesho yake nilikwenda sekretaria, na sikukaa chini.

"Juu ya nini, Asistanti? Juu ya nini?"

Alishangaa. Nawaapia, alishangaa kweli. "Lakini jina yako sikusema, Mama. Nilificha jina. Nilisema Sujet A."

"Bantu ya mutaa mzima wanajua sauti yangu!"

"Le jury ya ba profesa haikujua."

"Uliniambia haichunge kintu."

Akapapasa kalamu yake isiyoandika. "Kama ningekuuliza," alisema, "ungekatala."

Hicho ndicho mpaka leo kinanichoma. Alijua jibu, ndiyo maana hakuuliza. Na hakuona kosa lingine zaidi ya jina, naye jina alilificha. Haya, na mimi nimelificha lake. Tuko sawa.

Niliondoka na mashine yangu ya kazi, ile ya mbele, ambayo alikuwa amenipa zamani iwe yangu. Na kwa kuwa mashine zote zilikuwa zimeunganishwa, folda ilikuwa humo pia, nakala nzima. Jumapili baada ya misa nilijifungia chumbani, nikavaa visikizio, nikafungua zawadi.

Sauti ndogo ndogo, nyingi kama mchele. Kila moja ameipa alama yake: A, kilio, njaa. A, kilio, homa. A, mama anaimba. Kicheko cha kwanza cha mwanangu kilikuwemo, ambacho nilidhani kimepotea pamoja na siku yenyewe, nacho kimeandikwa: A, kicheko, safi. Nikacheka na kulia. Pii, pii ilikuwemo. Na moja ilikuwa ya kwake mwenyewe. Nadhani nilikuwa sokoni siku hiyo, amembeba mtoto, na Yaya wake haikumsamehe hata yeye. Alianza kumwambia mtoto habari ya watoto wake wa kuzaa, walio mbali ng'ambo, na ile simu aliyoingojea Krismasi. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayekula akitazama ukuta. Nilivua visikizio kabla hajamaliza. Yale hayakuwa yangu.

Kisha nikatafuta ile ya ukumbini, na nikaikuta nzima. Nikamwita binti yangu, nikamwambia kaa hapa. Tangu siku ile hakuniuliza tena, lakini alikuwa ameanza kuosha masahani kabla hajaambiwa, kufagia kabla hajaambiwa, kama mgeni anayeogopa kuchosha wenyeji. Hilo liliniua kuliko ukumbi. Nikamvalisha kisikizio kimoja, kingine nikavaa mimi.

"Singekuzaa. Unasikia? Singekuzaa." Pale alipokata yeye, sauti iliendelea. Mtoto alitoa mlio, mdogo, kama mlango. Na mimi kwenye mashine nikasema, "Eh? Unanijibu? Shi unanijibu, we kabuzi kadogo!" Nikaanza kucheka na makamasi yangu. "Njoo. Njoo, mama yangu. Tuko babili, hakuna mwingine. Njoo unyonye." Halafu wimbo, ule ule ninaomwimbia hata leo akiwa na homa. Binti yangu alisikiliza mpaka mwisho, na baada ya wimbo kuna kimya kirefu cha mtoto anayenyonya, naye akakisikiliza chote.

"Juu ya nini hakuweka hii ku université?" aliniuliza.

"Siyui. Muulize majina yako."

Akafikiri. "Utafanya nini na hizi bintu?"

"Nataka kufuta. Yote. Alizibandika alama zake kila moja. Lakini iko kicheko yako ndani, na hakuna ingine."

Mtoto wangu alipandisha mabega. "Futa, mama. Niko hapa. Nitacheka ingine."

Nikafungua Mufagio. Nikaenda kwenye ule mstari, isipokuwa hapa, nikaufuta. Ni kazi ndogo sana, alinifundisha vizuri. Nikapiga Mufagio, na tukakaa wote wawili kutazama ukipita.

Sasa nina sekretaria yangu, upande mwingine wa barabara. Mwiko natumia, Ungo natumia, Kifuniko kimewaokoa wateja wangu juzi tu. Nikimwona msichana wangu wa kazi anarudia kitu kwa mkono, mdomo wangu unafunguka wenyewe: "Mara ya tatu iko ya mashine!" Nauma ulimi nimechelewa. Hata kufundisha, nafundisha mikono mfukoni. Mtu akikusaliti angeondoka basi na vitu vyake vyote.

Alikuja mwanzoni mwa mvua hizi. Nilimtambua kwa koti kabla ya uso. Sasa wanamwita Docteur, na hakuna anayempigia honi. Alikuwa amefunga kitu kwenye mfuko wa plastiki, kifuani, kisilowe.

"Mama."

"Docteur. Karibu."

Alijifuta miguu muda mrefu. Radi, aliniambia, ilipita kwenye nyaya za sekretaria yake, ikachoma mashine zote, na diski aliyoweka akiba ilikuwa imechomekwa. Wazungu fulani wanataka kuchapisha kazi yake, lakini wanadai sauti zenyewe, wazisikie. "Najua ulikuwa na nakala," alisema. "Ile mashine ya mbele."

"Nilifuta."

"Yote?"

"Na Mufagio yako. Niliondoa ule mustari."

Alishika meza. "Hata kicheko?"

"Hata kicheko."

"Mama, vile vilikuwa utoto wa mutoto. Hakuna mwingine aliyeuchunga!"

"Ndiyo, Docteur. Hakuna aliyekutuma."

Mvua ilipiga bati, tukangoja ipungue ili tusikilizane. Macho yake yalikuwa mekundu. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Ulisikia zote kabla ya kufuta?"

"Nilisikia yako moja. Niliifunga haijaisha."

Alielewa ni ipi. Niliona anavyoelewa, kuanzia shingoni kwenda juu, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya poda alionekana mtu aliyeibiwa kitu chumbani kwake. Sikumwongezea neno. Ningeweza, nilikuwa nayo mengi.

Binti yangu akaingia kutoka shule, sketi ya bluu imeloa, viatu mkononi. Amerefuka, ananipita bega. Docteur aligeuka, uso wake ukafunguka wote.

"Majina!"

Kwetu kuna jibu moja tu la neno hilo, kulirudisha neno lenyewe, na mtoto analijua kabla ya kujua kunawa. Binti yangu alinitazama. Sikumpa ishara yoyote, nilitazama skrini yangu. Docteur alikuwa anafungua mfuko wa plastiki, anatoa kitabu kikubwa kilichojalidiwa kwa rangi nyekundu, tasnifu yenyewe, anafungua ukurasa wa mbele ambapo alikuwa ameandika jina lao wawili na maneno ya kumtunukia, na anamnyooshea kwa mikono miwili. "Niliku­chungia," alisema.

Binti yangu aliweka viatu chini. Akapangusa mikono yake kwenye sketi, akakipokea kwa heshima, akakipima uzito, akafungua katikati na kuangalia karatasi kama ninavyomfundisha. Kisha akakipeleka kwenye mashine ya fotokopi na kuinua kifuniko chake.

"Kurasa zote, Docteur?" aliuliza. "Recto-verso, pande zote mbili, ao recto tu?"